Garmin eTrex 22x mikononi mwa anayeanza jiokashi

Kipokezi cha GPS cha kushika mkononi humpeleka mtu hadi hatua kumi au kumi na tano kutoka kwenye kasha lililofichwa, kisha humwacha hapo. Nimeona niliseme hili mapema kwa sababu wengi wanaonunua kifaa cha namna hii kwa ajili ya jiokashi hudhani kwamba wakilipa zaidi mshale utawafikisha mpaka kwenye kifuniko cha kopo, na wasipoliona kopo hilo hukilaumu kifaa. Garmin eTrex 22x, ambayo ndiyo niliyoanzia na ndiyo ninayoitathmini hapa, ni kifaa kizuri cha kujifunzia mchezo huu, ila uzuri wake hauko pale ambapo mnunuzi mgeni huutafuta.

Kwa asiyeujua mchezo, mtu mmoja huficha chombo chenye daftari ndani yake, hupima mahali alipokificha kwa msaada wa setilaiti, kisha hutangaza viwianishi vya mahali hapo, yaani tarakimu za latitudo na longitudo yake, kwenye intaneti. Wengine huvichukua viwianishi hivyo, hukitafuta chombo, husaini daftari na kukirudisha pale pale walipokikuta. Jina la chombo hicho katika lugha ya walioanzisha mchezo, yaani cache la Kiingereza, hutamkwa karibu sawa na kasha letu la Kiswahili, na kwa kuwa maana nazo zinakaribiana, sikuona haja ya kubuni neno jingine. Mpaka mwanzoni mwa Mei 2000, serikali ya Marekani ilikuwa ikiivuruga kwa makusudi ishara ya GPS iliyotolewa kwa raia, hivyo kipokezi cha kawaida kiliweza kukosea kwa kiasi cha mita 100. Uvurugaji huo ulizimwa kwa uamuzi wa Rais Bill Clinton usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei, na siku iliyofuata, tarehe 3 Mei, Dave Ulmer aliweka ndoo msituni karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza viwianishi vyake ili aone kama kuna atakayeipata. Mike Teague akaipata. Kabla mwezi huo haujaisha Matt Stum alikuwa ameupa mchezo jina lake la sasa, na mnamo tarehe 2 Septemba mwaka huo huo Jeremy Irish akazindua tovuti ya Geocaching.com, ambayo leo ina makasha hai zaidi ya milioni tatu duniani. Ninaikumbusha historia hii kwa sababu inaeleza kifaa chenyewe kilivyo: mchezo ulizaliwa siku ambayo kosa la mashine lilipungua kufikia kiasi ambacho jicho la binadamu linaweza kukimalizia, na tangu hapo mgawanyo huo wa kazi haujabadilika sana.

Ukiishika eTrex 22x, utaiona ni ndogo kuliko simu nyingi za leo lakini nene zaidi, na pamoja na betri zake ina uzito wa takribani gramu 142. Skrini yake ya rangi ina upana wa inchi 2.2 kwa mshazari na nukta 240 kwa 320, tarakimu ambazo mtu aliyezoea simu atazicheka mpaka atakapotoka nazo juani. Skrini hiyo hurudisha mwanga unaoipiga, kwa hiyo jua linapozidi kuwaka ndipo inaposomeka vizuri zaidi, kinyume kabisa na simu, ambayo saa sita mchana humlazimisha mtu kuifunika kwa kiganja na kukunja uso. Haiguswi kwa kidole. Huendeshwa kwa kijiti kidogo kilicho usoni pake na vitufe vya pembeni, na hilo ambalo sebuleni linaonekana kuwa uzee ni neema kwenye mvua au kwa mwenye glovu, kwa kuwa tone la maji haliwezi kubonyeza kitufe. Kinga yake dhidi ya maji ni ya kiwango cha IPX7, maana yake imeundwa kustahimili kuzama katika maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Gharama ya mpangilio huu huonekana pale unapotaka kuandika: kila herufi inatafutwa kwa kijiti, moja baada ya nyingine, na jina refu la nukta, yaani mahali ulipopahifadhi kwenye kifaa, linaweza kumtoa mtu jasho. Mimi siku hizi hutumia majina ya herufi mbili tatu tu.

Betri zake ni mbili za AA, na mtengenezaji anataja muda wa hadi saa 25. Nakiri kwamba hii ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kuendelea kukibeba kifaa hiki hata baada ya kuizoea programu ya simu. Betri za AA hupatikana karibu kila mahali penye duka, hubadilishwa kwa nusu dakika, na zikiisha porini haziondoki na namba za watu wako wala njia yako ya kuomba msaada. Anayetumia betri za kuchaji za NiMH asisahau kuingia kwenye mipangilio ya mfumo na kuchagua aina hiyo ya betri, kwa sababu volti yake ya kawaida ni 1.2 badala ya 1.5 ya betri za alkalini, na kifaa kisipoambiwa hivyo alama ya betri huonyesha uongo. Nilitembea wiki kadhaa nikiamini kwamba betri zangu mpya ni mbovu, kumbe ubovu ulikuwa wangu mimi niliyeiruka sehemu hiyo ya mipangilio.

Sasa tuje kwenye kuyaingiza makasha ndani ya kifaa, hatua ambayo huwakatisha tamaa wageni wengi kuliko kutembea kwenyewe. eTrex 22x haina njia ya kuwasiliana na simu bila waya. Unaiunganisha na kompyuta kwa kebo ya USB, nayo hujitokeza kama diski ya kawaida. Ndani yake kuna folda ya Garmin, na ndani ya hiyo kuna folda ya GPX, ambamo unaweka mafaili ya makasha. Faili la GPX hubeba kila kitu: viwianishi, maelezo ya mfichaji, ukubwa wa chombo, kiwango cha ugumu wa kutafuta na cha ugumu wa njia, vyote viwili vikipimwa kuanzia 1 hadi 5, dokezo, na hata maandishi ya waliotangulia kulitafuta, hivyo ukiwa msituni pasipo mtandao wowote unayasoma yote kwenye skrini. Kwenye Geocaching.com kupakua mafaili ya GPX ni haki ya wanachama wanaolipa, ambao pia wanaweza kuomba fungu la makasha hadi 1000 kwa mara moja. Mitandao huru ya Opencaching hutoa GPX bila malipo, ingawa makasha yake ni machache. Asiyetaka kulipa bado anaweza kuingiza viwianishi kwa mkono, na ningemshauri kila anayeanza afanye hivyo kwa makasha yake matatu ya kwanza, hata kama uanachama anao, kwa sababu hakuna njia bora ya kuelewa zile tarakimu zinasema nini.

Tarakimu hizo ndizo zilizo na mtego mkubwa kuliko yote. Viwianishi vya jiokashi huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali tatu, kwa mfumo wa ramani wa WGS 84, ule ule ambao GPS yenyewe huutumia. Chukua latitudo iliyotangazwa kwa ile ndoo ya kwanza: N 45° 17.460. Hizo ni digrii 45, dakika 17 na sehemu 460 za elfu moja za dakika, si sekunde 46. Dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani mita 1852, kwa hiyo desimali ya tatu ina thamani ya mita 1.85 hivi, kipimo kinachotosha kabisa kwa kazi hii. Lakini mtu ambaye kipokezi chake kimewekwa kwenye mpangilio wa digrii, dakika na sekunde, akaandika 17 na 46.0, atakuwa ameongeza sekunde 18.4 zisizokuwapo, naye atajikuta takribani mita 570 kaskazini mwa kasha, akipekua kwa bidii vichaka visivyo na hatia. Longitudo ya ndoo hiyo hiyo, W 122° 24.800, ingemwokoa, kwa kuwa hakuna sekunde 80 na kifaa kisingezikubali. Ila si kila kasha litakuwa na tarakimu yenye huruma namna hiyo. Ingia kwenye mipangilio ya nukta, hakikisha mtindo ni ule wa digrii na dakika zenye desimali, hakikisha mfumo ni WGS 84, kisha usiviguse tena. Mfumo wa ramani ukiwa mwingine, nukta inaweza kusogea mita mia moja na zaidi bila onyo lolote, na kosa la aina hiyo ni baya kuliko la kwanza kwa sababu linakupeleka karibu vya kutosha kukupa matumaini.

Kuhusu usahihi, eTrex 22x hupokea setilaiti za GPS za Marekani pamoja na za GLONASS za Urusi, na ukiziwasha zote mbili betri huliwa kwa kasi zaidi kidogo, lakini penye miti mingi au mabonde ninaona inafaa kulipa gharama hiyo. Setilaiti za GPS huzunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kipokezi kinahitaji kusikia angalau nne ili kipate mahali pamoja na kimo. Kifaa kilichokaa kabatini kwa miezi kinahitaji kupewa muda, kwani kalenda nzima ya setilaiti hutangazwa kwa mzunguko wa dakika 12 na nusu. Kiweke mahali pa wazi, funga kamba za viatu, kunywa maji, kisha ndipo uanze safari. Chini ya anga wazi kosa la mita tatu hadi tano ni la kawaida. Chini ya majani mabichi yaliyolowa, au kando ya jabali na kuta ambazo hurudisha ishara kwa njia ya mzunguko, kosa hilo huongezeka maradufu au zaidi. Tena msakaji mgeni husahau kwamba mfichaji naye alikuwa na kipokezi chenye kosa lake: mita tano zake zikielekea mashariki na tano zako magharibi, mko mita kumi mbali hata kama vifaa vyote viwili ni vizima. Ndiyo maana siungi mkono kumwambia anayeanza anunue kifaa cha bei kubwa kwa ajili ya usahihi peke yake. Nusu ya kosa imo kwenye karatasi ya mtu mwingine.

Jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulijua kabla ya kutoa pesa ni hili: eTrex 22x haina dira ya kielektroniki. Mshale unaouona kwenye ukurasa wa dira haujui kaskazini iko wapi. Hukokotoa mwelekeo kwa kulinganisha mahali ulipokuwa sekunde chache zilizopita na mahali ulipo sasa. Ukitembea, mshale ni mtiifu. Ukisimama, hesabu hiyo haina tena cha kulinganisha isipokuwa kuyumba kwa ishara yenyewe, na mshale huanza kuzunguka kama kuku aliyepoteza vifaranga. Msakaji asiyelijua hili husimama mita nane kutoka kwenye kasha, hugeuka kulia na kushoto akiusubiri mshale utulie, na hatimaye huanza kuufuata kila unakogeukia. Dawa yake ni kutembea mstari ulionyooka kwa hatua kumi na tano hivi, kwa mwendo wa kawaida, kisha kuutazama mshale ukiwa bado mwendoni. Ndugu yake, eTrex 32x, ana dira ya mihimili mitatu na kipimo cha kimo kinachotumia mgandamizo wa hewa, na kama leo ningekuwa ninanunua upya ningemchukua yeye kwa ajili ya dira hiyo tu. Hata hivyo sijutii nilichoanzia. Kukosa dira kulinilazimisha kujifunza mbinu ambayo wenye dira huchelewa kuijifunza.

Mbinu yenyewe ni ya kukata mistari. Ukifika mita 30 kutoka kwenye nukta, usikimbilie katikati. Tembea kuielekea ukitokea upande mmoja, uone mshale unaelekea kwenye mti gani au jiwe gani, ukumbuke. Zunguka, uje ukitokea upande mwingine, uone tena. Pale mistari miwili au mitatu inapokutana ndipo penye uwezekano mkubwa. Kisha, na hapa wengi hawaniamini, weka kipokezi chini au mfukoni na uache kukitazama kabisa. Kuanzia hapo swali ni la kibinadamu: ningekuwa mimi, ningeficha wapi? Fimbo tano zilizolazwa sambamba si kazi ya upepo. Mawe yaliyopangwa juu ya tundu la mzizi yana mkono wa mtu. Gome la mti lisiloshikana na mti wake linastahili kuguswa. Soma pia ukubwa uliotangazwa kabla ya kuanza kupekua, kwa sababu anayetafuta sanduku la risasi la chuma na anayetafuta kikopo cha filamu ya kamera wanaangalia sehemu tofauti kabisa za msitu huo huo, na vikasha vidogo zaidi, vyenye ukubwa wa ncha ya kidole, vinaweza kukaa nyuma ya bolti kwa sumaku. Anayeanza achague makasha ya kawaida, yenye ukubwa wa kati, na ugumu usiozidi 2. Yale ya mafumbo na ya vituo vingi yatamsubiri. Dokezo likiwapo, tovuti huliandika kwa fumbo rahisi linalosogeza kila herufi nafasi 13, A ikawa N na N ikawa A, ili mtu asilisome kwa bahati mbaya. Kifaa hulionyesha likiwa limekwisha kufumbuliwa, kwa hiyo asiyetaka kuharibiwa raha asilifungue.

Je, simu haitoshi? Kwa mtu anayetafuta makasha ya mjini, yaliyo kando ya vijia na vituo vya basi, inatosha, na nisingemshawishi anunue kitu kingine. Simu za sasa hupata mahali kwa usahihi unaokaribiana na wa kifaa hiki, ramani zake ni nzuri zaidi, na kasha lililotangazwa asubuhi linaonekana asubuhi hiyo hiyo, ilhali kwenye eTrex 22x utaliona tu ukirudi kwenye kompyuta na kebo. Tofauti huanza pale mtandao unapokatika, mvua inaponyesha, safari inapozidi nusu siku, au simu inapoanguka juu ya mwamba. Kwa anayetaka mambo yote mawili ipo eTrex SE iliyotoka mwaka 2023, ambayo huwasiliana na simu bila waya, ina dira ya kielektroniki, na betri zake mbili za AA hutajwa kudumu hadi saa 168. Ila skrini yake haina rangi wala haionyeshi ramani, na mimi bila ramani hujiona nimefungwa kitambaa usoni. 22x huja na ramani za ardhi, ina hifadhi ya ndani ya GB 8 na nafasi ya kadi ya microSD, na kwenye njia panda ya msituni ramani hiyo ndogo imeniepusha mara nyingi na kufuata mshale moja kwa moja hadi ukingoni mwa korongo. Mshale hujua umbali wa ndege; haujui kwamba wewe huna mabawa.

Ukishalipata kasha na kusaini daftari, bonyeza alama ya kulipata kwenye kifaa palepale. Rekodi hiyo huhifadhiwa kwenye faili liitwalo geocache_visits ndani ya folda ya Garmin, nalo ukilipandisha kwenye tovuti hukupa orodha ya makasha yako kwa tarehe na saa, ukabaki na kazi ya kuandika neno la shukrani kwa mfichaji. Ukichukua kitu kilichomo, acha chenye thamani sawa au zaidi. Usiache chakula, kwa sababu wanyama watalitoboa kasha kabla ya msakaji mwingine kufika. Na siku utakapotaka kuficha la kwako, kumbuka kwamba Geocaching.com hutaka angalau mita 161 kati ya kasha na kasha na hairuhusu kuchimba shimo la kulifukia bila idhini ya wazi ya mwenye ardhi. Kwa kazi hiyo 22x ina kipengele cha kupata wastani wa nukta: unapima mahali pamoja mara kadhaa, kati ya nne na nane, ukiacha dakika 90 au zaidi kati ya vipimo ili setilaiti zipate kubadilisha nafasi zake angani. Kwa kweli ni watu wachache wenye subira hiyo, na makasha ya wasio nayo unayatambua kwa urahisi, kwa kuwa kila aliyeyatafuta ameandika kwamba yako mbali na mahali yanapodaiwa kuwa.

Kifaa huuzwa bila kamba ya kuning'iniza shingoni. Nililiona hilo kuwa jambo dogo mpaka siku niliyofuata ushauri wangu mwenyewe: nilikiweka kipokezi juu ya jiwe lenye kuvu, nikazama katika kutafuta, nikalipata kasha chini ya gogo, nikasaini, nikalifunika na kuondoka kwa furaha kuelekea kwenye gari. Nilikuwa nimerudi mita mia nne hivi nilipotia mkono mfukoni. Njia niliyopitia ilikuwa imerekodiwa kikamilifu ndani ya kifaa kilichobaki juu ya jiwe, na mawe yenye kuvu katika msitu ule hayakuwa na idadi. Nilikumbuka gogo, nikakumbuka upande ambao jua lilikuwa likinipiga, nikatembea nikiyatazama mawe moja baada ya jingine kwa karibu saa nzima. Kamba niliifunga jioni ile ile.